Tuliyoyasoma Kiangazi cha Chumvi

Abul-Khasib,
Basra.
Jumapili, 4 Novemba 2018

Mpendwa kaka yangu Munir,

Assalamu alaikum warahmatullah. Kabla sijasema lolote, hujambo? Goti lako la kushoto je, bado linakutangazia mvua kabla ya redio? Na usingizi unaupata? Tangu wifi yangu Najiba alipotangulia najua usiku wa nyumba yenye mtu mmoja ni mrefu, na kila alfajiri namwomba Mungu akufupishie. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, wazima wa kusimama na kutembea. Mume wangu presha yake hupanda na kushuka bila taarifa. Mwenyewe anasema imejifunza tabia kwa umeme.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu uliniambia maneno ya kwenye kioo cha simu yanakukimbia machoni. Na kwa kweli yapo mambo ambayo nikiyasema kwa simu sauti hunikatika, wewe ukadhani mtandao ndio mbovu.

Uliniuliza kama bado nasoma. Nasoma, kaka. Mwalimu wa fasihi akistaafu ni kama punda wa kinu aliyefunguliwa kamba, huendelea kuzunguka palepale. Tangu majira ya kuchipua tulikuwa tukikutana Alhamisi baada ya Alasiri, sebuleni kwangu, kwa sababu laini yetu ya jenereta la mtaa inaweza kuendesha feni na kipoza hewa kwa pamoja bila kuzimika. Ndiyo sifa ya kwanza ya chama chetu cha usomaji: upepo. Vitabu vilikuja baadaye.

Tulikuwa wanawake wanne. Mama Ghazwan, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule muoka mkate wa tanuri anayeweza kugombana na watu watatu kwa wakati mmoja. Kusoma kwake ni kwa kubabaisha, lakini masikio yake hayapitwi na neno. Nuha, binti wa duka la dawa pale darajani, niliyemfundisha mwenyewe, ambaye sasa anamlea mama yake aliyepooza. Na Bahija, mkunga wa Kisabai aliyemzalisha binti yangu Sawsan. Bila shaka unamkumbuka. Unajua dini yao haikamiliki bila maji yanayotiririka. Ndani ya mto ndimo wanamobatizwa na ndimo wanamooshwa dhambi zao. Zamani kingo zetu zilijaa nyumba zao. Sasa zimebaki za kuhesabika, wengine wote wako huko kwenu ng'ambo na Uswidi.

Nuha ndiye aliyekileta kitabu chenyewe, kutoka mtaa wa vitabu siku ya Ijumaa. Riwaya ya kutafsiriwa, jalada limenyofoka, jina la mwandishi limekwenda nalo. Ni habari za mji wa miaka mingi ijayo. Mto wa mji huo umefunikwa kwa zege, maji yanatolewa kwa alama ya dole gumba, na wakubwa wameajiri wasichana wenye pua kali ili wapite nyumba kwa nyumba wakinusa unyevu. Msichana akinusa maji yaliyofichwa hupuliza filimbi, na wenye nyumba hawaonekani tena. Riwaya inamfuata mmoja wa wanusaji hao.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kwa sauti. Sikumaliza hata sura ya kwanza, Mama Ghazwan akainua mkono.

“Ngoja kwanza, mwalimu. Huyu aliyeandika amewahi kukaa Abul-Khasib?”

“Hapana. Inaonekana ni mtu wa nchi za mvua.”

“Basi nani amempelekea habari zangu? Juzi tu nimeficha madumu mawili ya maji mazuri chini ya kitanda, wifi yangu kaingia, hajakaa, kashanusa! ‘Naona mna maji humu.’ Filimbi tu ndiyo hakuwa nayo!”

Tulicheka hadi Nuha akamwaga chai. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kwa kicheko. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani tulikaa tunalia tangu mwanzo.

Lakini nikiwa peke yangu jikoni niliwaza. Unakumbuka yale magazeti ya picha uliyokuwa ukiniletea ukirudi likizo kutoka Baghdad? Yalikuwa yakituonyesha dunia itakavyokuwa mwaka elfu mbili. Treni za kioo, mashamba chini ya bahari, wanawake wamevaa nguo za fedha wakinywa kahawa mwezini. Sisi watoto tulikuwa tunaungojea mwaka huo kama tunavyongojea arusi ya nyumba ya jirani. Hata kama hatukualikwa kwa kadi, harufu ya wali itatufikia. Siku hizi nikifungua riwaya yoyote inayosimulia kesho, nakuta kiu, ukuta, na mtu mwenye bunduki anayelinda bomba. Sijui ni waandishi waliochoka au ni kesho yenyewe iliyochoka.

Darasani nilikuwa nawaambia wasichana wangu kwamba kitabu cha kutisha ni kama mama anayekuvuta sikio kando ya barabara: anakuumiza ili gari lisikuumize zaidi. Niliamini, kaka. Sasa najiuliza anayevutwa sikio ni nani. Wenye mikono kwenye mabomba huko juu ya mto, sidhani kama wana nafasi ya kusoma riwaya. Tunaosoma ni sisi tulioshika vikombe.

Mwezi wa saba chumvi ikaja.

Utasema chumvi mmeizoea, kila kiangazi kidogo hupanda. Siyo kama hii. Mto kutoka juu ulikuwa umekonda hata haukuwa na nguvu za kuisukuma bahari, basi bahari ikapanda yenyewe, ikatupita sisi, ikafika hadi mjini Basra na kuendelea. Sabuni haikutoa povu. Chai ilikuwa kama mchuzi. Bamia zangu nyuma ya nyumba zilijikunja kama vidole vya mzee. Ukioga unatoka na vipele, usipooga unanuka, chagua.

Mume wangu alikataa kuamini. Unajua mifereji yetu ilivyo: maji hujaa bahari inapojaa, mto unarudishwa nyuma, unaingia wenyewe mashambani, unaimwagilia mitende, kisha unatoka. Mtu halipi kitu, hainami hata kuchota. Marehemu baba alikuwa akisema sisi ndio wakulima wavivu kuliko wote duniani, maana Mungu hutumwagilia tukiwa tumelala. Basi yale maji yakawa yanaingia vilevile kama siku zote, kwa adabu ileile, yamebeba chumvi.

Siku moja mchana nilimsikia anapiga nyundo. Nikatoka, jua limesimama utosini, nikamkuta yumo ndani ya mfereji hadi kiunoni, anapigilia mabati ya lile banda la kuku mdomoni mwa mfereji na kuyashindilia udongo.

“Baba Sawsan, unafanya nini?”

“Naufunga.”

“Mfereji wa baba?”

“Ukiwa wazi, chumvi inaiua mitende. Ukifungwa, kiu inaiua.” Hakuniangalia. “Nimeona afadhali wafe kwa mkono wangu kuliko kwa mkono wa mtu nisiyemjua.”

Alisema wafe, kaka, kama vile watu. Sikumsahihisha. Mimi niliyesahihisha sarufi za watoto wa wenzangu maisha yangu yote nilisimama pale, kisha nikainama nikaanza kumsogezea udongo kwa ndoo. Tulifanya kazi hiyo sisi wawili hadi Alasiri. Maji yalipojaa jioni yalikuja yakagonga yale mabati, yakawa yanagonga na kugonga, kama mgeni asiyeamini kwamba mlango umefungwa.

Mibarhi, ile mitende mikubwa ya upande wa kusini, ilianza kuungua ncha za makuti. Tende zake, ambazo wewe ulikuwa unazila zikiwa bado za njano hadi midomo inakauka, safari hii zilijikunyata zikiwa mbichi, zikaanguka. Nilionja moja. Sitaki kukueleza.

Alhamisi tuliendelea kukutana, ila kicheko kilipungua. Kitabuni mnusaji alikuwa amefika kwenye nyumba ya bibi kizee mmoja, akanusa unyevu nyuma ya kabati. Akasogeza kabati, akakuta mtungi, na ndani ya mtungi samaki mmoja mdogo, wa mwisho wa mto ule, ambaye bibi amekuwa akimpa nusu ya maji yake ya kunywa. Filimbi iko shingoni mwa msichana. Sura inaishia hapo.

Mjukuu wangu Tiba alikuwa amekaa zuliani anachora. Ana miaka tisa sasa, amechukua macho yako. Akainua kichwa akaniuliza:

“Bibi, hizi habari ni za zamani au za mbele?”

“Za mbele, mpenzi wangu. Za kubuni tu.”

“Mbali mbele, au mbele ya darasa la nne?”

Mama Ghazwan, ambaye hajapata kukosa jibu tangu azaliwe, alitazama mkate wake. Bahija akajitia kutafuta miwani. Nikamwambia Tiba akalete vileja vya tende jikoni, na hilo ndilo jibu nililompa mtoto.

Yeye alikwenda kuliuliza tena kwao. Sawsan akanijia siku ya pili kabla sijapanga vyombo, bado amevaa sare ya unesi. Unajua yuko wodi ya watoto.

“Mama, unamsomea Tiba mambo gani?”

“Hasomewi yeye, anakuwepo tu.”

“Anakuwepo! Tangu jana ananusa glasi kabla ya kunywa. Mama, mimi wodini kwangu watoto wanalala watatu kitanda kimoja, dripu tunazitundika kwenye misumari na vitasa vya madirisha, wote matumbo, wote maji haya. Halafu nirudi nyumbani nikute mwanangu ameogopeshwa na hadithi?”

“Ningependa aogopeshwe na hadithi, Sawsan, kuliko—”

“Kuliko nini? Kuogopa kunamsaidia nini? Mimi naogopa kila siku, nimepata nini?”

Nilikuwa na hotuba nzima ya kumjibu. Niliitoa kwa miaka mingi, mbele ya ubao, na wakaguzi wakaisifu. Kwa mwanangu mwenyewe haikutoka. Nikampa chai, akaionja, akaicheka ile chumvi kidogo, kisha akalia, kisha akarudi kazini.

Haikupita wiki Tiba akaugua. Kutapika na kuhara, macho yakazama. Mama yake alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote, maji ya kunywa alinunua ya chupa. Pengine mtoto alipigia mswaki maji ya bomba, pengine lilikuwa jani la saladi. Hatukujua na hatutajua. Nilikaa naye hospitalini, nikiwa nimeshika chupa ya dripu mkononi kwa sababu misumari ilikuwa imekwisha. Mwanamke wa kando yangu alikuwa ameshika ya mwanawe vilevile. Tulibadilishana mikono ilipochoka, yeye akashika zote mbili, kisha mimi nikashika zote mbili. Hatukuulizana majina. Nje vijana walikuwa barabarani wanapiga kelele wapewe maji, na mara kwa mara tulisikia milio ya risasi. Katika hali ile nilijikuta nafikiria riwaya, hebu fikiri! Nikawaza kwamba huyu mwandishi wa nchi ya mvua ameweza kubuni mto wa zege na wasichana wanusaji, lakini hili la wanawake wawili kupokezana dripu hakulibuni, na kama angelibuni ningeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: umezidisha.

Tiba alipona, namshukuru Mungu usiku na mchana. Lakini watoto wa watu wengine sikujua habari zao.

Alhamisi iliyofuata nilikifungua kitabu, imebaki sura moja tu. Nuha akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

“Mwalimu, samahani. Tusiisome.”

“Sura ya mwisho?”

“Naomba. Nikirudi nyumbani kuna mama wa kugeuzwa ubavu. Nataka nimgeuze bila kujua imeishaje.”

Mama Ghazwan akasema haki ya Mungu yeye hakutoa mikate yake bure miezi yote ile ili anyimwe mwisho. “Basi kila mtu aseme wake! Mimi naanza. Msichana anamkaanga samaki, wanakula na bibi, maji wanapikia chai, filimbi wanampa paka. Kwisha. Watu wameshiba.”

“Na kesho yake?” aliuliza Nuha.

“Kesho yake ni kitabu kingine, usinichokoze.”

Nuha alisema kwake yeye msichana anapuliza filimbi. Tukamtazama. Akasema polepole kwamba msichana naye ana mama nyumbani, na mama lazima anywe. Hakuna aliyemlaumu. Bahija akasema msichana na bibi wanauvunja ule zege mahali fulani, mahali padogo tu pa kupitisha mkono, wanamrudisha samaki mtoni. “Lakini ni lazima chini yake maji yawe bado yanakwenda,” alisema. “Yakiwa yamesimama, haina maana.”

Mimi nilikuwa nimeshakimaliza kitabu zamani, si unajua tabia yangu, huanza kwa kuchungulia mwisho. Sikuwaambia. Wewe nitakuambia kwa sababu uko mbali. Msichana hapulizi filimbi. Anarudisha kabati mahali pake, anakwenda zake nyumbani amejaa furaha, kwa mara ya kwanza amefanya tendo la haki. Asubuhi anatumwa mnusaji mwingine. Ukurasa wa mwisho ni wa huyo mwingine, hana hata jina. Mwandishi hakumlaani mtu. Msichana alifanya alichoweza, na haikusaidia kitu. Nilikifunga nikakiweka kabatini nyuma ya sahani za wageni.

Kaka, mwezi wa tisa Sawsan na mumewe Laith walituambia wanahama. Laith amepata kazi Sulaymaniyah, huko milimani kwa Wakurdi, kuna chemchemi na kuna theluji. Walikuja wote wawili, wamevaa vizuri kama wanaoposa, wakakaa ukingoni mwa kochi. Nilijua kabla hawajafungua midomo. Nilikuwa nimejiandaa kupinga, lakini nilipomtazama Tiba shingo ilivyokonda, nikasema, “Nendeni, wanangu, na Mungu awe mbele yenu.” Mume wangu alisema, “Mkataa kwao mtumwa,” akanyanyuka, akatoka.

Siku ya safari alitokea ana chipukizi la mbarhi, amelifunga gunia mizizi.

“Panda huko.”

“Baba,” Sawsan alisema, “huko kuna theluji. Niupande ndani ya friji?”

“Upande. Ukikataa, ukatae wenyewe.”

Laith, Mungu amjaze heri, aliufunga juu ya gari, juu ya masanduku na baiskeli ya Tiba, akazikagua kamba mara mbili kama vile amebeba vioo. Wakaondoka. Mama Ghazwan alimwaga maji nyuma ya gari ili warudi salama, kama desturi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimwaga kikombe kidogo cha kahawa badala ya bakuli. Akaniangalia kwa haya. “Si ubahili, Mama Sawsan,” akasema.

Ule mche umekufa. Sawsan aliniambia kwenye simu, umekauka kwenye baraza kabla hata baridi haijaanza. Babake anapouliza, humwambia umetoa jani. Nami nikiulizwa husema ndiyo, nimesikia, jani moja. Sasa anaulizia urefu wa jani. Sijui tutaongopa hadi lini. Mti wa uongo nao unakua, unataka kutungiwa matunda.

Na Bahija anakuja huko kwenu. Ndiye aliyekukabidhi barua hii, basi mpokee vizuri, mpe kahawa ya uchungu, hapendi sukari. Alikaa miaka yote hiyo, vita vilivyopita na vilivyofuata, watu wake wanaondoka mmoja mmoja, yeye anasema mkunga hahami kabla ya wazazi. Kilichomng'oa ni ubatizo wa mjukuu wa ndugu yake. Walishuka mtoni mwezi wa nane, shehe wao amevaa nyeupe, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yananuka, na mtoto alitakiwa anywe viganja vitatu. Baba wa mtoto alisema hapana. Wakasimama kingoni wote. Baadaye waliutumia mfereji wa kutengenezwa na pampu. Bahija alirudi kwangu akakaa kwenye kiti chake cha Alhamisi, haikuwa hata Alhamisi, akaniambia: “Ibtihaj, mto nilioujua mimi haumo tena mle.” Hiyo tu. Wiki iliyofuata alianza kuuza vyombo. Anasema huko kwenu upo mto wanaobatiziana, baridi kama kisu. Nenda naye siku moja, ukasimame kando.

Kwa hiyo tumebaki mimi na Mama Ghazwan, na Nuha akipata mtu wa kukaa na mama yake. Hatusomi za mbele tena. Tunasoma mashairi ya kale, ya ngamia na mahame, na Mama Ghazwan anasema afadhali hawa, walilia kwenye magofu ambayo angalau walikuwa wameshahama.

Sasa nifike kwenye lile uliloniandikia mwisho wa barua yako, ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi. Unasema umechoka kuishi kwa watu, watoto wana nyumba zao, huna tena wa kukuweka huko, unataka kurudi umalizie umri wako hapa, kwenye chumba cha juu kinachotazama mfereji. Unauliza kama utatuletea uzito.

Nilimsomea mume wangu kipande hicho. Alikasirika, unavyomjua.

“Munir anauliza? Mtu anaomba ruhusa kurudi nyumba ya baba yake? Mwandikie aje! Leo hii!”

“Atakunywa nini?”

“Atakunywa tunachokunywa.”

“Na figo yake moja iliyobaki?”

“Tutanunua ya chupa.”

“Na majira ya joto, umeme ukikatika? Na siku akiugua, nimshikie dripu mimi au wewe?”

Alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kulimenya hata ganda lilipokwisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, “Basi mwambie aje wakati wa baridi. Aje atembee.”

Aje atembee, kaka. Alijisikia mwenyewe neno lilivyotoka. Wewe, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, ambaye kitovu chako kimezikwa chini ya mtende wake, amekufanya mgeni kwa neno moja, na hakukusudia, na hakuweza kulirudisha. Aliliweka chungwa mezani bila kulila, akatoka kwenda kukaa kule kwenye mabati yake.

Nimeandika “njoo” nikachana karatasi. Nimeandika “usije” nikachana pia. Chumba nimekifagia, maana mikono inataka kazi. Kitanda kiko palepale, dirisha linafunguka. Unachotaka kukitazama kutoka dirishani ndicho sina. Sikuzoea kuulizwa swali nisilo na jibu lake. Ningekuwa na ujasiri ningekuambia ubaki, uishi, unywe maji ya huko ushibe. Ningekuwa na ubinafsi ningekuambia njoo kesho, maana nyumba imekuwa kubwa mno na mimi ni mdogo wako, na nakutamani. Mimi si jasiri wala si mbinafsi wa kutosha. Amua wewe, na utakaloamua nitalia.

Nisalimie watoto wa marehemu Najiba, Rafid na Zahra, na wajukuu ambao majina yao ya huko yananishinda. Msalimie mzee Shawqi wa msikitini kwenu, mwambie dadake ni mzima na anamsalimia. Mama Ghazwan anakusalimu, na anasema bado hujamrudishia bilauri aliyokuazima siku ya arusi yangu. Sawsan, Laith na Tiba wanakubusu mikono kutoka milimani. Mume wangu hajasema nikusalimie, lakini amepita mara tatu nyuma ya kiti changu kuona kama bado naandika.

Mungu akuzidishie afya, akulaze kwa amani, akuondolee upweke, na popote atakapokuandikia kukaa, akupe hapo maji matamu.

Mimi nduguyo wa tumbo moja, nisiyechoka kukupenda,

Ibtihaj